Kamera ya Kemia

Sauti iliyomtia Khavere matatani ilikuwa ya sekunde ishirini na nane tu. Aliirekodi Jumatatu asubuhi pale soko la Gikomba, amepanda juu ya meza yake ya blauzi, henga ya nguo mkono mmoja na simu mkono wa pili, akaongea kwa ile sauti yake ya kuita wateja ambayo hajawahi kuipunguza hata kanisani.

"Vivi, skiza mamangu. Ile bale ya Kemia nimeifungua. Kamera nimetoa zote, ziko ishirini na tatu, safi kabisa. Jioni nakuja nazo, nimezificha kwa mfuko wa blauzi. Usionyeshe mtu kwanza, hata huyo Wangeci wako. Za fagia achana nazo, hizo kila mtu yuko nazo. Kesho unaingia pale unaumaliza huo mtihani, unatoka unatembea polepole."

Kama wewe ni mtu wa Gikomba umeshaelewa, na pengine unacheka. Kwa wale wengine, hebu nieleze. Bale ya mitumba ikikatwa kamba, zile nguo za kwanza kabisa, zisizo na doa wala tobo, huitwa kamera. Hutolewa mapema, zikatundikwa juu. Zile za mwisho, za kumwagwa chini na kuuzwa kwa rundo, ndizo fagia. Khavere alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa kumi na nne, na maneno yenyewe yalikuwa yamemkaa mdomoni kiasi kwamba nyanya sokoni kwake zilikuwa kamera au fagia. Mahubiri ya mchungaji, vivyo hivyo, na mara nyingi, Mungu amsamehe, aliyatupa kwenye fagia.

Maswali ya mtihani nayo aliyaingiza humo humo. Binti yake Vivian alikuwa Kidato cha Nne katika shule moja ya kutwa huko Eastlands, shule ambayo mwanafunzi akipatikana na simu anakiona cha mtema kuni. Nyumbani Maringo kulikuwa na simu ya babake, Shiundu, lakini kioo chake kilikuwa kimekufa nusu. Sauti ungesikiliza, kusoma hapana. Simu nzima ilikuwa ya Khavere, na Khavere alishinda sokoni. Basi tangu mwezi wa tano alikuwa akiingia kwenye mtandao mmoja unaotoa maswali ya majaribio bure, na mteja akiondoka anachukua kalamu na kunakili swali kwenye daftari. Yeye mwenyewe aliishia Kidato cha Pili. Hakujua moli ya Kemia ni mnyama au ni mmea. Lakini macho ya kuchambua alikuwa nayo, na aliona kuna maswali yanayorudi mwaka baada ya mwaka, yamebadilishwa shati tu. Hayo aliyaita kamera. Yale ya ovyo, ya kila kitabu, fagia. Na hilo la kumficha Wangeci lilikuwa na sababu yake, kwa maana Wangeci, rafiki yake Vivian wa darasani, aliwahi kuazima daftari la Bayolojia likarudi halina kurasa nane.

Sasa, kwenye simu yake Khavere alikuwa ameandika jina la simu ya nyumbani "Form 4 Vivi". Na grupu ya wazazi wa shule ilikuwa imeandikwa "Form 4 Wazazi". Moja juu, nyingine chini yake. Unaona mambo?

"Mama Vivi," Kavutha, jirani yake wa meza ya viatu, alimwita saa sita mchana, "hiyo simu yako inatetemeka mpaka inaanguka mezani. Kuna mtu amefariki?"

Khavere aliifungua akakuta jumbe arobaini na moja. Ya kwanza ilikuwa ya babake Wangeci, karani wa ofisi moja ya bima, mtu wa kuandika kwa herufi kubwa. NAOMBA UONGOZI WA SHULE USIKILIZE HII SAUTI. MTIHANI UMEFUNGULIWA GIKOMBA NA KUPIGWA KAMERA.

"Mungu wangu," Khavere akasema. "Mungu wangu wa mbinguni."

Alikimbilia kuifuta. Simu ikamuuliza kitu kwa Kiingereza, naye kwa haraka akabonyeza jibu lililokuwa karibu na kidole. Sauti ikatoweka. Akashusha pumzi, akamwonyesha Kavutha.

"Eh, hapa kwako imetoka," Kavutha akasema, "lakini umejifutia peke yako. Kwao bado iko."

Khavere alikaa juu ya gunia. Kisha, akiona ni heri aseme neno kuliko kunyamaza, akaandika: Poleni wazazi. Hiyo ilikuwa siri ya nyumbani.

Siri ya nyumbani! Afadhali angenyamaza.

*

Jumanne jioni Vivian aliingia nyumbani bila salamu, akaweka barua mezani, akaingia nyuma ya pazia. Shiundu ndiye aliyeisoma. Alikuwa ametoka kazini katika kiwanda cha magodoro, nyuzi nyeupe zimemganda kichwani, na alisoma polepole kwa sauti kama anayesoma tangazo la msiba.

Barua ilisema Vivian anashukiwa kuuona kwa picha mtihani wa moku wa Kemia, yaani wa majaribio, kabla ya wakati, kinyume cha sheria ya tisa ya shule. Mzazi afike Alhamisi saa nne asubuhi. Mwanafunzi akipatikana na hatia, atakaa nyumbani mpaka siku za mtihani wa taifa wenyewe, na jina lake litaandikwa kwenye orodha ya watahiniwa wa kuangaliwa kwa karibu.

"Mpaka mtihani wa taifa?" Khavere akauliza. "Hiyo si miezi mitatu?"

"Miezi mitatu," Vivian akajibu kutoka nyuma ya pazia, sauti imejaa machozi. "Mum, leo nimeingia class watu wakaanza, 'Kamera! Kamera ndio huyo!' Mpaka walimu wameskia. Na hiyo orodha, mtu akiwa kwa hiyo orodha msimamizi anasimama nyuma yako paper yote. Nitaandika nini mtu akinipumulia shingoni? Aki mum, ungeituma tu kawaida."

"Nilituma kawaida, mamangu. Ni kidole."

"Na yamekuja," Vivian akasema, akatokeza kichwa. Macho yalikuwa mekundu. "Hayo maswali yako. Saba yamekuja, vile vile, neno kwa neno. Nilipoyaona nilifurahi mbaya. Sikujua naenda kuulizwa. Walipouliza nikawaambia ukweli, ni saba."

Shiundu alikunja ile barua mara mbili, kisha mara tatu.

"Saba," akasema. "Neno kwa neno." Akamtazama mkewe. "Mama Vivi, hebu niambie ukweli. Hapo Gikomba kuna mtu alikuuzia kitu?"

Khavere alimtazama huyu mwanamume aliyeishi naye miaka kumi na minane. Walimu wakimshuku, sawa, hawamjui. Babake Wangeci, sawa, ana mdomo. Lakini Shiundu? Shiundu aliyemwona kila jioni akinyoosha vidole vilivyokufa ganzi kwa kuandika?

"Hata wewe," akasema.

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza, nimeskia." Akainuka, akachukua daftari kutoka kwenye mfuko wa blauzi, akaliweka mbele yake. "Soma. Kila ukurasa una tarehe, kama ninavyoandika tarehe za bale. Ukimaliza useme samahani. Na Alhamisi naenda mimi."

Kwa kawaida Shiundu ndiye aliyehudhuria mikutano ya shule. Khavere hakuwahi kuingia ndani ya lile lango tangu mwanawe aandikishwe. Watu wa Gikomba hawana siku ya kupumzika, ndivyo alivyosema kila mara, ingawa ukweli mwingine ni kwamba aliogopa kuulizwa jambo kwa Kiingereza mbele ya watu.

Shiundu alisoma kurasa sita, akasema samahani. Aliisema akiangalia sakafu, lakini aliisema.

*

Siku ya Jumatano Khavere alikuwa na mteja wake wa miaka miwili, mwanamke mmoja mrefu aliyemwita Madam wa Jumatano kwa kuwa jina lake hakulijua. Alikuja kila wiki saa kumi na moja jioni, shuka kichwani, barakoa usoni hata sasa ambapo kila mtu ameshazitupa. Hakupenda kubishana bei. Alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Kamera ziko?" Akipewa, anaingiza kwenye mkoba mweusi na kuondoka kwa haraka kama aliyeiba. Jumatano hiyo Khavere alimwekea sketi ya kijivu, kamera ya kamera. Madam hakuja.

"Hata wateja wameskia," akamwambia Kavutha.

"Acha ujinga," Kavutha akasema. "Ametingwa na kazi."

*

Kwenye lango la shule palikuwa na ubao mrefu mweusi wenye sheria kumi na tano kwa rangi nyeupe. Bawabu alimwonyesha Khavere kwa rungu.

"Mama, soma namba tisa."

SIMU, KAMERA NA VYOMBO VYOTE VYA KUNASA PICHA HAVIRUHUSIWI SHULENI.

"Nimesoma."

"Basi lete simu."

"Lakini hiyo simu ndiyo ushahidi wangu. Huo mtandao uko humo."

"Sheria ni ya kila mtu. Na huo mfuko una nini? Si ni za kuuza? Hapa hatuuzi." Akaufungua, akatoa daftari, akatoa kitambaa, akatoa ndizi moja, akavirudisha bila mpangilio. Wanafunzi wawili waliokuwa wakifagia walisimama wakatazama. Khavere alijikaza. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na viatu vya Kavutha vilivyombana.

Ofisini walimngojesha kwenye benchi nusu saa, kisha wakamwita. Ndani kulikuwa na watu wanne. Bwana Maingi, naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu wa Kiswahili na mkuu wa nidhamu, alikaa amenyooka na faili mbele yake. Bwana Kivuva wa Kemia, kijana mwenye miwani, alikaa kando na karatasi za mtihani. Vivian alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, na hakuinua macho. Na nyuma ya meza kubwa alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe, Madam Wayua, mwanamke mrefu aliyehamishiwa hapo mwezi wa kwanza. Alivaa koti la buluu iliyokolea na mikono ameikunja kifuani.

"Karibu, mama," Madam Wayua akasema kwa sauti ya chini.

Khavere alikaa. Ile sauti aliijua, lakini hakukumbuka ni ya wapi.

Bwana Maingi hakupoteza wakati. Aliiweka simu yake juu ya meza, maana sheria ya tisa inaonekana haikuwahusu walimu, akaicheza ile sauti. Khavere alijisikia akipaza kelele chumbani humo, bale, kamera, nimezificha, usionyeshe mtu, na kila neno lililotoka lilimfanya atamani sakafu immeze. Sauti ilipofika mwisho, Bwana Maingi akaicheza tena.

"Mama Vivian, hii ni sauti yako?"

"Ni yangu, mwalimu."

"Bale uliyofungua ni gani?"

"Si bale ya ukweli. Ni maswali ya mtandaoni. Mimi nimezoea kusema hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Na kamera si ile ya picha. Kwetu Gikomba kamera ni nguo nzuri, zile za kwanza kutoka."

Bwana Maingi alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa baya kuliko hasira. "Mama, mimi nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na mbili. Kamera ni chombo cha kupigia picha. Kamusi zote zimekubaliana. Leo wewe unakuja kutufundisha kwamba kamera ni blauzi?"

"Si blauzi peke yake. Hata suruali, hata koti..."

"Tumsaidie mama," Bwana Maingi akawageukia wenzake. "Mwalimu Kivuva, yamefanana maswali mangapi?"

"Saba," Kivuva akasema, akiangalia miguu yake.

"Saba! Yametoka wapi, mama?"

"Mtandaoni. Yako hapa kwa daftari, na tarehe."

"Daftari mtu anaweza kuandika jana usiku. Tarehe ni wino tu." Hakulishika. "Mama, usione kama tunakudharau. Lakini hadithi ya mitumba hapa umekosea mlango. Sisi hatujui mambo ya mitumba. Hata Madam hapa nguo zake anatumiwa na dadake kutoka Uingereza. Utatueleza nini?"

Hapo ndipo Khavere alipolitazama lile koti kwa macho ya kazi. Lilikuwa na vifungo vitano. Cha nne kutoka juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Aliukumbuka ule uzi! Siku hiyo wa buluu ulikuwa umeisha, naye akasema, "Chukua tu hivi, Madam, hakuna atakayeona," na mteja wake mwenye barakoa akacheka kidogo kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

Madam wa Jumatano.

Macho yao yakakutana. Mkono wa mwalimu mkuu ukashuka taratibu, ukafunika kile kifungo.

Ingekuwa rahisi namna gani! Sentensi moja tu: Madam, si wewe mwenyewe huniuliza kamera ziko? Bwana Maingi angekosa pa kuweka uso. Vivi angerudi darasani. Maneno yalimfika kwenye ulimi, akayaonja. Akamtazama binti yake pale ukutani, shingo imeinama, soksi moja imeshuka. Akamtazama yule mwanamke aliyefunika kifungo kwa kiganja. Na akajua jinsi kunavyouma kuvuliwa nguo mbele ya watu, kwa sababu alikuwa akivuliwa wakati huo huo. Mteja amekuja na barakoa, maana yake hataki ajulikane. Hiyo ni amana.

Akalivuta daftari karibu naye.

"Sina la kueleza zaidi, mwalimu," akasema. "Mimi si mwizi. Mtoto wangu si mwizi. Tangu mwezi wa tano nimeandika haya maswali mpaka vidole vikafa ganzi, mengine siyaelewi hata kidogo. Nimekosea kutuma. Nimekosea kuongea. Lakini mtihani sijauiba. Nawaomba mniamini, ama mnifukuze mimi, huyu mtoto mumwache asome."

Vivian alianza kulia bila sauti. Bwana Maingi alichukua kalamu, akafungua faili. "Basi kamati inaandika kwamba..."

"Mwalimu Maingi," Madam Wayua akasema.

"Naam, Madam."

"Mimi sina dada Uingereza."

Kalamu ikasimama.

"Nina dada kule mjini Wote, anafuga kuku." Madam Wayua alivuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, kisha akaondoa mkono kwenye kile kifungo. "Hili koti lilitoka ng'ambo, ni kweli. Lakini lilipitia kwa huyu mama. Nililinunua Gikomba, siku ya Jumatano. Na ukitaka kujua linaitwaje kule, linaitwa kamera. Mimi mwenyewe nimeliita hivyo. Huwa nafika pale nauliza, 'Kamera ziko?'"

Bwana Kivuva alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama alikuwa anajua," Madam akaendelea, sasa akimwangalia Khavere. "Amenitambua hapa dakika tano zilizopita, nimemwona. Angenitaja. Hakunitaja. Mimi ndiye niliyekaa hapa nikimwacha aitwe mwongo, kwa sababu ya koti. Mama Vivian, nisamehe."

"Hakuna neno, Madam," Khavere akasema, na machozi yakamtoka yenyewe. "Hata hiyo sketi yako ya jana nimekuwekea."

Wueh! Hakukusudia kusema hilo, lilimponyoka tu. Lakini Madam Wayua aliangua kicheko, na chumba kizima kikapata hewa.

"Sasa nipe hilo daftari."

Alilifungua kutoka mwanzo. Alisoma kwa utulivu, akigeuza kurasa, na Khavere akaona aibu kwa madoa ya chai. Kwenye ukurasa mmoja alisimama. Akarudi juu, akasoma tena.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tano," akasema kwa sauti. "'Aloo alipasha moto unga wa kijani ndani ya chupa. Eleza alichokiona Bedan.' Na hapa pembeni mama ameandika kwa kalamu nyekundu: 'Huyu Bedan ametoka wapi?'"

"Nilishangaa, Madam," Khavere akajitetea. "Anayepika ni Aloo, anayeulizwa ni Bedan. Nikajua mtandaoni wamekosea kuchapa, lakini nikanakili tu hivyo hivyo."

Madam Wayua akanyoosha mkono. "Mwalimu Kivuva, niletee mtihani wako."

Bwana Kivuva aliuleta kama mtu anayepeleka shingo yake. Madam alipitisha kidole mpaka swali la kumi na moja, akasoma kimoyomoyo. Kisha akainua uso.

"Mwalimu Kivuva," akasema kwa upole, "huyu Bedan ametoka wapi?"

Masikio ya Kivuva yaliwaka. Alimtazama Bwana Maingi, akamtazama Vivian, akatazama dirisha.

"Nina vidato vinne, Madam, na vipindi ishirini na nane kwa wiki," akasema hatimaye. "Wikendi ile nilikuwa na homa. Niliyatoa mtandaoni. Saba tu. Nilijua tangu Jumanne, lakini niliogopa kusema." Akamgeukia Vivian. "Nisamehe. Hukuiba kitu. Sote wawili tulisomea mahali pamoja, ila wewe ulisoma vizuri kuliko mimi."

Vivian akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Ni sawa, mwalimu," akasema. Kisha, kwa sababu ni mtoto wa mamake: "Lakini hata mimi nilimjibu tu huyo Bedan."

*

Uamuzi haukuchukua muda. Barua ilichanwa, na Madam Wayua aliichana mwenyewe. Kemia ingerudiwa Jumatatu kwa darasa zima, mtihani mpya uliotungwa kwa kichwa. Bwana Maingi angeandika kwenye grupu ya wazazi kwamba hakuna mtihani ulioibwa, na angeandika leo, kabla ya chakula cha mchana. Bwana Maingi alisema sawa. Alimpa Khavere mkono pia, mkono mkavu, wa haraka, lakini alimpa.

Nje, mama na binti walisimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Khavere alivua viatu vya Kavutha, akakanyaga saruji kwa miguu mitupu, akafumba macho. Alikuwa hajajua kwamba tangu Jumatatu alikuwa akipumua nusu nusu.

"Mum," Vivian akasema, "kumbe principal ni mteja wako na hukusema? Mimi ningesema zamani."

"Na ndiyo maana huuzi nguo," Khavere akajibu. "Pandisha soksi, urudi darasani."

Vivian alimkumbatia mbele ya watu, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu darasa la sita, akakimbia. Bawabu alimrudishia Khavere simu yake kwa mikono miwili. Alimpigia Shiundu kiwandani kupitia simu ya mwenzake wa kazi, akasikia mashine zikinguruma.

"Baba Vivi, tumeachiliwa!"

"Ati nini?"

"Tumeachiliwa! Na chapati leo unapika wewe!"

"Nimeskia!" Shiundu akapiga kelele juu ya mashine, na akasikika akiwaambia watu wengine kule ndani, "Wameachiliwa! Mke wangu ameongea nao mpaka wakakubali!"

*

Vivian alirudia Kemia, akapata B ya juu. Kwa alama za mwaka uliopita, hiyo ni kamera. Madam Wayua aliliomba daftari, likapigwa nakala kwa Kidato cha Nne chote, Wangeci akiwemo. Babake Wangeci aliandika kwenye grupu, safari hii kwa herufi ndogo, kwamba anashukuru. Jumatano iliyofuata Madam alifika Gikomba saa kumi na moja, uso wazi, hana shuka wala barakoa, akasimama katikati ya njia na kuuliza kwa sauti iliyomfikia hata Kavutha, "Mama Vivi, kamera ziko?" Alichukua ile sketi ya kijivu. Kifungo cha koti lake, kile cha uzi wa kijani, alikataa kishonwe upya.

Wiki mbili baadaye Khavere alipeleka daftari la Fizikia shuleni. Bawabu alimsalimia kwa jina, kisha akanyoosha kiganja.

"Simu, Mama Vivi. Sheria ni sheria."

Akampa bila ubishi. Na alipogeuka ndipo alipouona ubao. Chini ya sheria ya tisa mtu alikuwa ameongeza kwa chaki, mwandiko wa haraka wa mwanafunzi aliyekuwa akichungulia nyuma:

ISIPOKUA ZA MAMA VIVI.

Kabla hajajua acheke au akimbie, Bwana Maingi alitokea akitoka ofisini, faili kwapani. Alifika kwenye ubao, akasimama. Akausoma, akausoma tena. Uso wake ukakunjamana, mkono ukaingia mfukoni, na Khavere akajua anatafuta kitambaa cha kufutia. Alishika mfuko wake wa blauzi kwa nguvu.

Bwana Maingi alitoa kipande cha chaki. Akainama, akafuta ile A ya ISIPOKUA tu kwa kidole, akaandika WA mahali pake, akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha neno limekaa sawa. Kisha akamwona Khavere.

"Kiswahili ni lazima kiandikwe vizuri, mama," akasema kwa ukali, akaenda zake darasani.